Mtoto wa Kuazimwa

Katika Jamhuri ya Usawani hakuna mtoto anayebaguliwa. Hili si jambo la kubishania. Limeandikwa kwa rangi ya samawati kwenye ukuta wa kila ofisi ya elimu, na rangi yenyewe ni ya bei mbaya, haibanduki ovyo. Ukifika Usawani usiulize mengi. Soma ukutani, shukuru, panda basi urudi kwenu.

Zamani mambo hayakuwa mazuri hivi. Kulikuwa na Sheria ya Kwanza, iliyosema kwamba watoto wenye ulemavu hawapo Usawani. Ilikuwa sheria nyepesi, haikudai walimu wala madawati. Mtoto asiyetembea, asiyeona au asiyesikia alikaa chumba cha uani, na mgeni akisikia sauti huko ndani aliambiwa ni paka. Mwishowe wageni kutoka nchi za nje wakaanza kuuliza mbona Usawani ina paka wengi kiasi hiki, ndipo ikatungwa Sheria ya Pili. Hiyo ilikiri kwamba watoto wapo, ikawaweka chini ya Wizara ya Maafa, katikati ya idara ya mafuriko na idara ya nzige. Wakajengewa shule moja, imara kabisa, juu ya mlima usiofikika kwa gari, kusudi wapate hewa safi.

Sheria ya Tatu ndiyo inayotuhusu sisi. Aliyeileta ni Bi. Mwanakheri, msusi wa nywele wa mtaa wa Mabanda Mapya, ingawa ukimuuliza Waziri wa Elimu atakutajia jina lake mwenyewe, tena pamoja na shahada zake.

Mwanakheri shule aliiona kwa nje. Utotoni alibeba wadogo zake mgongoni wakati wenzake wanabeba madaftari, na jambo hilo lilimuuma mpaka ukubwani. Alipomzaa Zawena, na miguu ya Zawena ikakataa kumchukua, aliapa kwamba mtoto huyu atajua kusoma hata kama itabidi ambebe mwenyewe mpaka mbele ya ubao. Alipita shule moja hadi nyingine. Kila mwalimu mkuu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwonyesha mlima kwa kidole.

Basi siku moja alikusanyika na wazazi wenzake, wakawabeba watoto wao, wengine kwenye viti vya magurudumu na wengine mgongoni, wakaenda kukaa mbele ya geti la Bunge. Hawakupiga kelele. Walikaa tu. Ilipofika saa ya chakula cha mchana, magari ya waheshimiwa yakapanga foleni ya kutoka, na yakakuta njia haipo. Askari hawakujua la kufanya, maana hakuna aliyetaka kupigwa picha anambeba mtoto kumtupa pembeni. Harufu ya pilau ilikuwa inavuka barabara kutoka hotelini. Spika akaamuru wabunge warudi ndani, sheria ikasomwa na kupitishwa, na wale waliokuwepo wanasema haijawahi kusikika Usawani "ndiyo" yenye njaa namna ile. Kila shule ya msingi ipokee watoto wenye ulemavu, wasome pamoja na wenzao. Geti likafunguka, pilau ikaliwa ingali ya moto.

Wizara ikatunga kanuni za kuitekeleza. Shule itakayokutwa na mtoto mwenye ulemavu, angalau mmoja, itapewa bendera ya samawati. Mwalimu mkuu ambaye shule yake haina bendera atahamishiwa kule mlimani, apate hewa safi.

*

Zawena alipokewa katika shule ya mtaani kwao, na mwalimu mkuu, Bwana Mbaruku, akampigia makofi mbele ya shule nzima. Alikalishwa mbele, karibu na meza ya Mwalimu Asteria, binti mmoja mkali mwenye sauti ya kengele. Wiki za mwanzo Zawena alirudi nyumbani akiimba *a e i o u*. Baadaye akaja na *ba be bi bo bu*. Siku hiyo alichovya kidole kwenye mafuta ya nywele akaandika "ba" kwenye kioo cha saluni ya mama yake. Wateja walikuja, wakajitazama, wakajikuta wana "ba" kwenye paji la uso, na Mwanakheri aligoma kuifuta. Alisuka huku anaitazama, na wakati mwingine mikono ilisimama yenyewe.

Kisha wakaja wakaguzi. Hawakushuka garini, kwa kuwa viatu vyao vilikuwa vipya. Mmoja aliteremsha kioo.

"Yupo?"

"Yupo, mheshimiwa. Yule pale."

"Hongereni sana." Kioo kikapanda, bendera ikaletwa.

Jirani yake Mwanakheri, Mama Fumo, aliposikia hivyo naye akamshika mkono mwanawe, ambaye alizaliwa hasikii, akampeleka shuleni. Bwana Mbaruku alimpokea vizuri na kumpa kiti.

"Mama Fumo, nakuonea huruma, lakini ulemavu wa mwanao hauonekani. Mkaguzi haangalii ndani ya masikio. Yuko garini yule. Mtoto wako akikaa kimya ataonekana ni mtoto mwenye adabu tu."

"Lakini sheria inasema watoto, mwalimu."

"Sheria inasema. Kanuni inahesabu. Nasi tunaye tayari."

*

Jioni moja wageni walibisha hodi kwa Mwanakheri: wazee wawili wenye kanzu, mama mmoja aliyejifunga kanga mpya, na sinia la halua lililofunikwa kitambaa. Walikaa mkekani, wakajikohoza, na mzee mmoja akaanza.

"Bibi, tumepita njia, tukaona kwenu kuna taa inawaka. Sisi kwetu ni giza. Tukasema, si vibaya kuingia kuomba."

Mwanakheri alijua maneno hayo husemwa kwa shughuli gani.

"Jamani! Mwanangu hata meno hayajamaliza kuota! Posa gani hii?"

"La hasha, mama," akadakia yule mwenye kanga. Alikuwa Mwalimu Leokadia, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili. "Hatumtaki moja kwa moja. Tunamwazima tu. Kesho wakaguzi wanakuja kwetu, na mimi mlima ule siuwezi, nina presha."

Mabanda Mapya ni mtaa wa kuazimana. Sufuria la shughuli likitoka nyumba hii linaingia nyumba ile, mabusati na viti hivyo hivyo, na mwenye mkono wa birika anajua siku ya msiba wake atachimba kaburi peke yake. Mwanakheri alimtazama Mwalimu Leokadia, akaona jasho kwenye mdomo wake wa juu.

"Siku moja tu," alisema.

"Siku moja tu, mama. Tutamrudisha kama tulivyomchukua."

Zawena alirudi na pipi na sare mpya, amefurahi. Lakini habari ya kitu kinachoazimika haikai. Wiki iliyofuata akaja mwalimu mkuu mwingine na sinia lake, na mwingine akaja na barua ya diwani, na yule aliyekosa sinia akaja na machozi. Mwisho Afisa Elimu wa wilaya, Bwana Kisauti, akaona ni aibu serikali kuacha jambo zito namna hii mikononi mwa majirani. Akaunda Kamati ya Mzunguko. Asubuhi ikaja pikapu ya wilaya, kiti cha Zawena kikafungwa kamba nyuma, Zawena akawekwa mbele kwa dereva. Sare za shule zote za wilaya zikaning'inia saluni kwa Mwanakheri, na mteja mgeni angedhani ameingia kwa fundi cherehani.

Kila alikokwenda, wageni walitaka kuona anafundishwa. Mwalimu wa siku hiyo alimsogezea ubao na kuanza pale anapoanzia mtoto wa siku ya kwanza, kwa sababu kila shule kwa Zawena ilikuwa siku ya kwanza. *A e i o u*. Zawena aliitikia bila kosa, wageni wakapiga makofi, pikapu ikaondoka. Kesho yake, mahali pengine, *a e i o u*. Nadhani hakuna mtoto katika historia ya Usawani aliyefundishwa irabu na walimu wengi kama yeye.

Mwalimu Asteria alikuja saluni mwenyewe. "Mama Zawena, dawati la mwanao limeota vumbi. Wenzake wamefika kwenye hadithi. Wanasoma hadithi nzima wale!"

"Hujamwambia Bwana Mbaruku?"

"Nimemwambia. Kasema bendera ikipepea, mtoto yupo."

Mwanakheri akasema moyoni mwake kwamba atalizungumza jambo hili kistaarabu, pole pole, asimkwaze mtu. Hata mimi ninayesimulia ningemshauri vivyo hivyo, na ningekosea. Jioni hiyo pikapu ilimrudisha Zawena akiwa na kipara.

Asubuhi mama yake alikuwa amemsuka twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya saa nzima. Sasa kichwa kiling'aa kama kibuyu, na nyuma ya sikio kulikuwa na mkato wa wembe.

"Shule ile wanafunzi hawaruhusiwi nywele," dereva alieleza. "Mkaguzi angeona mmoja ana nywele, angejua ni wa kuazima."

Zawena hakulia. Alipapasa kichwa chake kidogo kidogo, kama anatafuta kitu kilichoanguka. Aliyelia ni mama.

*

Bwana Kisauti alimpokea kwa heshima zote, akaagiza soda.

"Shikamoo, Bwana Afisa. Nimekuja kumwombea mwanangu arudi darasani. Azunguke likizo, kama ni lazima. Siku za masomo asome."

"Marahaba, Mama Zawena. Asome?" Bwana Kisauti aliliangalia neno hilo kama mtu aliyewekewa chakula asichokijua. "Mama, naomba uelewe hadhi aliyofikia mwanao. Yule si mwanafunzi tena. Ni miundombinu. Hebu niambie, umewahi kuona barabara ikapelekwa shule? Barabara kazi yake ni kupitwa."

"Mimi nilizaa mtoto, bwana."

"Na taifa linakushukuru. Lakini ukimzuia leo, wilaya nzima itakosa bendera. Watasema Sheria ya Tatu imeshindwa. Sheria yako mwenyewe, mama! Uliyoikalia getini juani! Unataka kuiua kwa mikono yako?"

Hapo ndipo alipompata. Mwanakheri alitoka ofisini soda haijaguswa, na kwa siku kadhaa akaendelea kumvisha Zawena sare za watu.

Kisha siku moja pikapu ikaharibika, akapelekewa ujumbe akamchukue mtoto mwenyewe katika shule ya mbali. Nje ya geti la shule hiyo alimkuta mwanamke amekaa chini, mgongoni kafunga kijana mkubwa ambaye miguu yake iliburuza mavumbini. Wakasalimiana. Aliitwa Sikudhani, na alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Wamenikatalia, dada," alisema. "Wanasema sheria inataka mmoja, na wao wanaye tayari. Wamenionyesha. Yule pale, chini ya bendera. Bahati yake yule. Mama yake sijui aliomba dua gani."

Mwanakheri akachungulia kati ya nondo. Chini ya mlingoti, kwenye kiti chake, amevaa sare ya kijani isiyomtosha, Zawena alikuwa anasinzia.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Siku zote aliamini kwamba yeye ndiye anayeibiwa. Sasa aliona kwamba katika kila shule aliyomwazimisha mwanawe kuna mtu kama huyu amekaa nje, na jibu alilopewa ni moja, na jibu hilo ni Zawena. Mlango aliouvunja kwa ajili ya wenziwe, mtoto wake alikuwa amewekwa pale auzibe.

"Mama yake ni mimi," alisema mwishowe.

Sikudhani alikaza nguo iliyomfunga kijana mgongoni. "Basi mwambie ahame," alisema, bila ukali wowote.

*

Kabla hajapata la kufanya ikafika Sikukuu ya Elimu Jumuishi. Mlezi wa Taifa, mkuu wa nchi, alikuja mwenyewe uwanjani, na shule zote za wilaya ziliamriwa kupita mbele ya jukwaa, kila moja ikimtanguliza mtoto wake mwenye ulemavu. Hili lingewatatiza watu wa nchi nyingine. Bwana Kisauti alifanya hivi: Zawena akapita na shule ya kwanza, akasukumwa mbio nyuma ya jukwaa, akavuliwa sare, akavishwa nyingine, akapita na shule ya pili. Wakamzungusha hivyo asubuhi yote, juani, na aliyesukuma kiti alikuwa mama yake, kwa sababu walimu walichoka.

Watu wakaanza kunong'ona. Mtangazaji, kijana mwerevu, akawahi kipaza sauti.

"Mtaona, ndugu wananchi, kwamba watoto wetu wenye ulemavu wanafanana sana! Hii ni kwa sababu wote wanapata malezi sawa!"

Uwanja ukashangilia. Mlezi wa Taifa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Shule ya mwisho ilipopita, Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Dakta Lwitiko, alisimama.

"Asimame hapo! Yaani, asimamishwe. Mheshimiwa Mlezi, ili dunia ijue kwamba Usawani haitoi bendera kwa upendeleo, naomba binti huyu atusomee Sheria ya Tatu, kifungu cha kwanza, kama ilivyochongwa kwenye ubao huu wa dhahabu!"

Ubao ukaletwa. Zawena aliyatazama maandishi, akayatazama tena, kisha akafanya alichozoea kufanya kila anapowekewa ubao mbele ya wageni.

"A, e, i, o, u," alisema kwa sauti kubwa.

Makofi yalipasua anga. Waziri alitoa leso. Zawena akangoja yatulie, akaendelea, "Ba, be, bi, bo, bu." Halafu akageuka kumtazama mama yake. Brasibendi ikaanza kupiga, na Waziri akatangaza kwamba kifungu kimesomwa.

"Mama," Zawena aliuliza walipokuwa nyuma ya jukwaa, "kwa nini hawaulizi kinachofuata?"

"Wewe unakijua?"

"Hapana. Nilidhani leo wataniambia."

*

Kesho yake pikapu ilipopiga honi, Mwanakheri alitoka na lundo la sare, akalitupa nyuma ya gari.

"Hizo zirudisheni kwa wenyewe. Mtoto haazimwi tena."

Akamsukuma Zawena mpaka shuleni kwao. Bwana Mbaruku alikuwa amesimama getini, ratiba ya Kamati mkononi, amefadhaika kweli kweli.

"Lakini Mama Zawena, leo si zamu yetu. Leo huyu yuko ng'ambo ya mto. Nikimpokea, atakuwa sehemu mbili, nami nitakuwa nimeghushi!"

"Si huyu unamwona, mwalimu?"

"Namwona. Lakini hayupo."

Wiki hiyo wakaguzi walizunguka wilaya nzima bila kumkuta mtoto hata mmoja mwenye ulemavu. Taarifa ikapanda kwa Waziri, na Waziri hakubabaika, maana hakusomea bure. Alikwenda redioni akatangaza kwamba Sheria ya Tatu imefanikiwa kuliko matarajio, ulemavu umekwisha Usawani, na muswada wa Sheria ya Nne unaandaliwa, utakaotamka rasmi kwamba watoto wa aina hiyo hawapo. Bendera za samawati zibaki zilipo, kama kumbukumbu. Na jioni hiyo hiyo, katika nyumba nyingi, wageni wakaanza tena kusikia paka.

Siku ya muswada, kabla ya saa ya chakula, askari wa geti la Bunge alimwona mwanamke anakuja na kiti cha magurudumu, na kwenye kiti binti mwenye nywele fupi zilizoanza kuota. Nyuma yao alikuja mwanamke aliyebeba kijana mgongoni. Wakakaa katikati ya njia. Askari alikuwa mtu mzima, wa tangu zamani, akaangua kicheko.

"Mama, wewe si ndiye yule? Umechelewa! Baada ya ule mkasa wenu waheshimiwa walijenga geti la nyuma. Kula pilau sasa hawategemei huku."

"Tunajua, baba," Mwanakheri alijibu, akiweka jiwe nyuma ya gurudumu. "Mama Fumo ameshakaa huko, na wengine wote waliokuwa wanaambiwa *tunaye tayari*. Wamejaa hadi barabarani."

Kicheko cha askari kikakatika. Kutoka upande wa nyuma wa jengo honi ya kwanza ililia, ikafuatwa na nyingine. Kama geti lingefunguliwa au wangepigwa, Mwanakheri hakujua. Akalisukuma jiwe zaidi chini ya gurudumu.

Zawena hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinua shingo anatazama juu ya geti, kwenye maandishi makubwa ya shaba ya BUNGE, na midomo inacheza.

"Mama, ile ya mwanzo naijua. Ni *bu*."

"Na inayofuata?"

Zawena aliikazia macho kwa muda.

"Huko," alisema, "hawajanifikisha."